Mtoto Mzito Kuliko Wote

Mtaani kwetu kulikuwa na shoo. Si ile kubwa ya upande wa pili wa jiji, ya ng'ombe waliopigwa brashi na matrekta mapya, ambayo ilitaka nauli ya kwenda na kurudi na viatu vya heshima. Yetu ilikuwa shoo ndogo ya siku moja, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa mwisho wa mwaka, katika holi la mtaa na kiwanja chake, si mbali na Mowlem. Watu wa mitaa ya kifahari walikuwa wakisikia habari hiyo wanacheka. Wakulima gani hao, na nyumba zote zimebanana? Hawakujua kitu. Tulilima. Tulilima kando ya mto, tulilima kando ya reli, tulilima chini ya nyaya za stima mahali ambapo tulikatazwa kujenga. Sisi wa kutoka milimani na wenzetu wa kutoka magharibi tulikuwa tumeacha mashamba nyumbani, lakini mikono haikukubali kukaa bure.

Basi siku hiyo kila mtu alileta alichonacho. Kabeji zilining'inizwa kwenye mizani ya kulabu iliyoazimwa kwa mwuza viazi. Majani ya sukuma wiki yalipimwa urefu kwa rula ya shule. Chapati zilichanwa mbele ya watu ili ionekane kama zina tabaka, na mwanamke ambaye chapati yake ilikatika kama mkate alitaniwa mpaka Krismasi. Kuku walioshwa kwa sabuni wakafungwa utepe mguuni. Wanaume walivuta kamba, wa viwanda vya Baba Dogo upande mmoja na wa reli na ofisi upande wa pili, na wale wa reli walishinda kila mwaka kwa sababu ya vitambi vyao. Mgeni wa heshima alialikwa saa nne akafika saa nane, akatuhimiza tujitegemee. Kabeji zetu zilikuwa kubwa ajabu. Kila mmoja wetu alijua maji ya mto yale yalitoka wapi, na siku ya shoo hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Mwisho kabisa, watu wakishakula, yalikuja mashindano ya watoto wenye afya. Hayo ndiyo yaliyojaza kiwanja. Mtoto asiyezidi miaka miwili alifungwa ndani ya leso, leso ikatundikwa kwenye kulabu ile ile ya kabeji, na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akasoma kilo kwa sauti. Mzito kuliko wote ndiye mwenye afya kuliko wote. Hakuna aliyeuliza swali lingine. Kisha kulikuwa na desturi yetu: mama aliyeshinda mwaka uliopita alimbeba mtoto aliyeshinda mwaka huu, akazunguka naye uwanja mzima huku wanawake wakimfuata kwa vigelegele. Ilikuwa heshima kubwa kwa anayebebewa na mtihani mkubwa kwa anayebeba, kwa maana ilimbidi atabasamu.

Mwaka ule wa unga wa njano nilimpeleka mtoto wangu wa kwanza kwenye mizani ile. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Alikuwa mgonjwa sana, ugonjwa wa kuua, na mimi niliyemzaa sikujua.

Wanaokumbuka mwaka ule hawahitaji kuelezwa. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yakakosekana, serikali ikaleta ya njano kutoka ng'ambo. Ugali wake ulikuwa na harufu tuliyoiona ni ya chakula cha mifugo, na tulikula tukinung'unika. Maziwa, zile pakiti za pembetatu, uliyapata ukipanga foleni kabla ya jua, na mara nyingi foleni iliisha ukabaki umeshika kikapu kitupu. Mimi nilikuwa na mimba nyingine. Nilipoigundua, mtoto alikuwa na miezi kumi na mitatu, nikamwachisha ziwa siku hiyo hiyo. Ndivyo tulivyofunzwa sote, wa milimani na wa magharibi: maziwa ya mama mwenye mimba humharibu mtoto. Nikapaka ziwa pilipili. Alilia siku tatu, kisha akaacha.

Akawa anakunywa uji. Uji wa njano wenye sukari asubuhi, chai ya rangi na kiazi mchana, ugali na mchuzi wa sukuma jioni. Alishiba. Hilo nasema mbele ya yeyote: mtoto wangu hakulala njaa hata siku moja. Na baada ya miezi michache akaanza kupendeza. Mashavu yakajaa yakaning'inia. Miguu ikawa minene, yenye mikunjo. Ngozi, ambayo alipozaliwa ilikuwa nyeusi kama ya baba yake, ikaanza kung'aa, akawa mweupe. Nywele zikalainika zikawa za rangi ya kahawia, zinalala zenyewe bila kuchanwa. Wanawake walikuwa wakinisimamisha njiani kumshika kichwa. "Ai, nywele za kizungu! Umempaka nini?" Nilisema sijampaka kitu, ni damu ya kwetu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo mrefu.

Tena alikuwa mtulivu. Ningemweka mlangoni juu ya gunia asubuhi, nikafua, nikapika, nikaenda mtoni kupalilia kabeji zangu, nikamkuta pale pale. Hakutambaa, hakulilia mtu, hakugombania kitu na watoto wa wenzangu. Nilijisifu kwamba nimebarikiwa. Miguuni ngozi ilikuwa ikibanduka kidogo, nami nikaipaka mafuta ya mgando kila asubuhi mpaka ikametameta.

Mlango wa pili aliishi jirani yangu, mwanamke wa kutoka magharibi, mumewe karani wa reli. Tulitumia mfereji mmoja na kamba moja ya nguo. Alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia na binti yake, mtoto mweusi, mwembamba sasa, mwenye fujo kama nyani. Tangu siku ile alikuwa haachi kuutaja ushindi huo. Ukisema jua limekuwa kali, atakwambia hata siku ya shoo, wakati binti yake anapimwa, jua lilikuwa hivyo hivyo. Alinichosha. Nilitaka kumwona akitabasamu kwa lazima akiwa amembeba wangu. Huo ndio ukweli wa nia yangu, sina sababu ya kuupaka rangi.

Wiki mbili kabla ya shoo alinikuta mferejini.

"Jirani, huyu kijana mbona hachezi? Kila siku naona amekaa tu hapo kwa mlango."

"Ni mpole. Si kila mtoto ni kelele kama wako."

"Lakini hata kulia halii."

"Unataka alie ndio ufurahi?"

Aliniangalia, akajaza ndoo yake, akaenda. Nilicheka peke yangu pale mferejini. Nikamwambia mume wangu jioni kwamba jirani ameanza kuogopa mapema. Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha misumari huko Baba Dogo, mtu wa maneno machache, lakini kuhusu mtoto huyo hakuwa na breki. Alikuwa amewaambia wote kiwandani.

Siku ya shoo nilimvalisha shati jeupe na kaptura ya kushonewa. Viatu havikuingia, miguu ilikuwa imenenepa tena, nikaviacha. Mvua ya vuli ilikuwa imerudi siku chache kabla, kiwanja kilikuwa tope, wanawake wakatandaza magunia. Watoto walioletwa mwaka ule walikuwa kumi na mmoja tu, na wengi walionekana wamekauka shingo. Njaa ilikuwa imepita katika kila nyumba. Nilipokaa nao kwenye benchi, wangu mapajani, niliona macho ya wanawake yakihama kutoka kwa watoto wao kuja kwa wangu. Sijawahi kuwa tajiri maishani mwangu, lakini siku ile niliujua utajiri.

Mwamuzi mmoja alikuwa hajafika. Huyo alikuwa Sista, muuguzi wa kliniki ya mtaa, mwanamke mrefu mwenye sweta ya buluu ambaye sote tulimwogopa kwa sababu alikuwa akiuliza maswali. Alikuwa amekwama na mama wa kujifungua. Mwenyekiti akasema hatuwezi kumngoja, mgeni wa heshima ana haraka. Leso ikatundikwa. Mmoja kilo nane, mwingine nane na nusu, mwingine saba. Ilipofika zamu yangu, mshale ulishuka mpaka kumi na moja na robo. Mwenyekiti alisoma mara mbili kwa sauti ya kanisani. Mtoto alining'inia ndani ya leso kimya, kichwa upande, macho nusu wazi, na watu wakapiga makofi.

Jirani yangu akaja kumbeba. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka begani, akaanza kuzunguka. Vigelegele vikapaa. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikingoja kuliona tabasamu lile. Alikwenda kama hatua thelathini, akapunguza mwendo, akambadilisha bega. Kisha akageuka kunitazama na nikaona hana tabasamu hata la uongo. Akanisogelea, akasema chinichini ili wengine wasisikie:

"Jirani, hii uzito si ya nyama. Ni kama nimebeba maji. Mpeleke hospitali."

"Zunguka," nikamwambia. "Ulizungukiwa, na wewe zunguka."

Akazunguka. Alimaliza uwanja wote, akanirudishia mtoto, akaenda kukaa na binti yake.

Nilikuwa nimeshapewa zawadi, beseni na blanketi, na mpiga picha ananipanga, ndipo Sista alipoingia kwenye lango la kiwanja akitembea upesi, sweta imefungwa vibaya. Mwenyekiti akamwita kwa furaha aje amwone mshindi. Sista alikuja akitabasamu. Alipofika hatua mbili kutoka kwangu, tabasamu likaisha. Hakumsalimu mtu. Alishika nywele za mtoto akazivuta kidogo, zikamtoka mkononi kama nyuzi za mahindi. Akainamisha uso, akashika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa kidole.

Shimo likabaki. Nililiona mwenyewe, shimo la ukubwa wa kidole, kama lile unalobonyeza kwenye donge la unga. Halikujaa.

"Huyu mtoto anakula nini?" akauliza.

"Anakula kuliko hawa wote," nikasema.

"Mama, nimeuliza anakula nini. Anapata maziwa? Yai? Maharagwe?"

"Anakula uji. Anashiba."

"Huyu si mnene. Huyu amefura. Ni maji haya, ngozi yote imejaa maji, ndani hakuna kitu. Huyu ni mgonjwa kuliko wote walio hapa." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu walikuwa wamenyamaza, na ikafika mpaka kwenye magunia ya mwisho.

Mwenyekiti akacheka kwa woga. "Sista, leo ni sherehe, tafadhali."

Mimi hasira zangu ziko karibu, hazijawahi kukaa mbali. Nilimwambia Sista neno ambalo nimelijutia kila siku. Ilijulikana kwamba ameolewa miaka mingi na hana mtoto. Nikamwambia mbele ya mtaa mzima kwamba ambaye hajawahi kuzaa hawezi kunifundisha kulea. Wanawake kadhaa waliguna wakaniunga mkono. Mmoja akasema ni wivu. Sista alichukua karatasi kwenye mkoba, akaandika juu ya goti lake, akanipa. "Ya wodi ya watoto. Leo, mama. Ukishindwa leo, kesho asubuhi."

Tulirudi nyumbani kwa nyimbo. Mume wangu alikuwa amewaleta watu wawili wa kazini kumwona bingwa. Nilimwambia Sista amesema maneno ya wivu, naye akasema watu wa kliniki wanataka kila mtu awe mgonjwa ili wao wapate kazi. Karatasi nikaiweka chini ya godoro.

Jumapili mchana, mume wangu akiwa ametoka, nilimlaza mtoto kitandani nikabonyeza mguu wake. Shimo. Nikabonyeza wangu, ukarudi haraka. Mume wangu aliporudi akapumzika nikambonyeza yeye, akauliza nina kichaa gani, ukarudi. Nikambonyeza mtoto tena mahali pengine, kwenye muundi wa mguu, nikahesabu mpaka ishirini. Hapo nilijua. Watu husema hawakujua. Mimi kuanzia Jumapili ile saa tisa nilijua.

Na bado sikwenda. Kwenda hospitali maana yake ilikuwa kupita mbele ya milango yote ya ploti, mbele ya holi, mbele ya kina mama walioniimbia jana, nimembeba bingwa wao mgongoni kama maiti. Jirani angeniona. Nilijiambia nitamponya hapa hapa ndani. Nikapanga foleni ya maziwa Jumatatu, nikapata pakiti moja, nikamnywesha, akatapika. Nikampa yai, akaligeuzia uso. Jumanne asubuhi hakufumbua macho nilipomwita.

Jirani aliingia bila kubisha. Sijui aliona nini kutoka mlangoni. Alimtwaa mtoto kitandani, akamfunga mgongoni mwake kwa leso yake.

"Wewe kaa na beseni yako. Mimi naenda na mtoto."

Nikamfuata. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, natembea nyuma yake kama mfanyakazi wake, na ni kweli tulipita mbele ya milango yote, na wote walitoka kutazama. Hakuna aliyecheka. Mpaka leo sijui nilikuwa naogopa nini.

Wodini walimpokea wakamlaza na mtoto mwingine kitanda kimoja. Walimpitishia mpira mwembamba puani, wakawa wanampa maziwa yaliyochanganywa na vitu vyao, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Kidogo kiasi cha kunichoma roho. Vijiko viwili vitatu, basi. Nilipouliza kwa nini wasimpe kikombe, muuguzi akasema mwili wake hauwezi bado, tutamuua. Aliniambia pia kwamba maji lazima yatoke kwanza, na yakitoka nisishtuke. Alinieleza vizuri, kwa Kiswahili, ameketi kando yangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Lakini kila asubuhi walikuja na mizani. Na mimi nilikuwa mtoto wa shoo. Nilikuwa nimekulia kwenye shoo zile tangu niolewe, nikijua kwamba mshale ukishuka ni vigelegele na ukipanda ni aibu. Walimpima wakaandika kumi na nusu. Kesho yake kumi. Halafu tisa na nusu. Alikuwa anakojoa usiku na mchana, nepi hazikauki. Tisa. Uso ule wa mviringo uliokuwa unashikwa na kila mtu njiani ukaanza kuzama. Mashavu yakashuka, macho yakawa makubwa, mifupa ya bega ikatokeza. Nane na robo. Nilimtazama nikaona mzee mdogo ambaye sijawahi kukutana naye. Mguu uliokuwa na mikunjo ukawa ngozi iliyolegea juu ya kijiti, kama soksi ya mtu mwingine. Kila asubuhi nilizidi kuamini kwamba wanamwua.

Na ndani ya siku hizo akaanza kulia. Si kile kilio cha mtoto mwenye nguvu, ilikuwa sauti ya kukwaruza, lakini haikukoma. Analia wakipita na ndoo ya maziwa, analia wakimpa mwenzake wa kitanda kimoja, ananyoosha mkono kushika kikombe kisicho chake. Mtoto ambaye miezi mitano hakunisumbua hata siku moja, sasa analia mpaka mama wa vitanda vingine wananitazama vibaya. Nilisema haya ni mateso. Wamemkondesha, na sasa wanamtesa kwa njaa mbele ya macho yangu.

Mume wangu alikuwa na zamu Jumapili ya kwanza, hakuja. Alikuja ya pili, amevaa koti. Nilimwona akiingia mlangoni mwa wodi, akapita kitanda chetu, akaenda mpaka mwisho, akarudi akitazama kila kitanda. Nilimwita. Alisimama akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Ni huyu."

"Mimi nimeuliza mtoto wangu yuko wapi!"

Kilichofuata ni kelele. Muuguzi alikuja, akajaribu kumweleza yale yale aliyonieleza mimi, kwamba maji yametoka, kwamba huu ndio uzito wake wa kweli, kwamba kutoka hapa atapanda. Mume wangu alimwambia alimleta mtoto wa kilo kumi na moja na robo, mtaa wote ni shahidi, na hapa ameambiwa abebe mifupa. Akanigeukia. Kama ningesema tumwache, angemwacha. Alikuwa mtu wa kusikiliza, namjua. Alinigeukia aniamulie, na mimi nikasema, "Twende nyumbani." Daktari alitupa karatasi tukatia sahihi kwamba tunamtoa kwa hiari yetu. Muuguzi alitusindikiza mpaka kwenye ngazi akitusihi. Mume wangu alimfunika mtoto kwa koti lake, kwa sababu hakutaka watu wamwone.

Nyumbani alilia mpaka nikakoroga uji. Akanywa kikombe kizima. Nikamwongezea, akanywa tena, anashika kikombe kwa mikono miwili anakivutia mdomoni. Nilimwambia mume wangu, "Unaona? Walikuwa wanamnyima tu." Tulicheka, mimi na yeye, tumeketi kitandani tunamtazama akinywa. Tulimpa kila alichotaka siku ile na siku iliyofuata. Uji, ugali, ndizi, chai yenye sukari nyingi.

Jumanne aliamka anaharisha. Kufikia saa tano alikuwa baridi miguuni. Nilimpeleka juani nje ya mlango nikamkalisha mapajani, nikamsugua. Jirani alikuwa anaanika nguo kwenye kamba yetu. Aliacha, akaja akachuchumaa mbele yetu, akamshika kifundo cha mkono akakaa amekishika. Saa tisa kasoro, mchana mweupe, watoto wa ploti wakicheza kando yetu, jirani akaniambia, "Mama, mlaze sasa." Hakuwahi kuniambia kwamba alinionya. Miaka kumi na minne tuliyokaa milango hiyo miwili hakuniambia, na kuna siku nilitamani aniambie.

Sanduku lilikuwa dogo, mume wangu alilibeba peke yake. Mwenyekiti alikuja matangani na kina mama wake, wakaomba, wakaimba, wakaondoka mapema. Mwaka uliofuata shoo ilifanyika kama kawaida. Desturi iligoma, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kumbeba mtoto wa mwaka huo, na hakuna aliyekuja kuniita wala mimi sikutoka nje. Nasikia walimpa mwenyekiti ambebe. Miaka miwili baadaye waliondoa mizani kabisa, wakabaki na kabeji.

Wa pili alizaliwa salama, msichana. Nilimpeleka kliniki ya mtaa akiwa na wiki sita, na nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo nitamwomba Sista msamaha kwa neno lile la kiwanjani. Nilipanga foleni, nikafika mbele yake, nikauomba pale pale, wenzangu wakisikiliza. Ilinipasa iwe hivyo, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu. Alisema yameisha. Akamshika msichana akampima, akaandika kadi, kisha akaniuliza habari za kaka yake, kwa upole, bila kuinua kichwa. Alisikia tulimtoa. Wakati tunamtoa alikuwa na hali gani?

Nikamwambia alikuwa amekwisha, mifupa mitupu, na analia hakomi. Analilia vikombe vya watoto wengine.

Kalamu yake ilisimama. Nikafikiri amekasirika upya.

"Hawa watoto hawalii wakiwa wagonjwa, mama," akasema. "Hawana nguvu ya kutaka kitu. Siku mtoto wa namna hiyo akianza kulilia chakula, kule wodini tunashukuru Mungu. Ndiyo alama tunayongoja. Huwa amevuka, amebaki kulishwa tu polepole." Akaniangalia. "Alianza kulia lini?"

Alianza kulia Ijumaa. Tulimtoa Jumapili.